Sauti Iliyojengwa kwa Kupunguza: Besi ya James Jamerson

Mpiga gitaa anapoipenda besi mpya dukani, mara nyingi kinachompendeza ni nyuzi tu. Nyuzi ambazo hazijaguswa zinang'aa kwa sauti kama zinavyong'aa kwa macho: kila noti inatoka na mlio wa chuma juu yake, inadumu muda mrefu kabla ya kuzimika, na kwa kuwa dukani hakuna ngoma wala mwimbaji, mlio huo unakijaza chumba chote. Wiki chache baadaye, jasho na mafuta ya vidole vimeingia katikati ya mizunguko ya waya, uzi umekuwa mzito pasipo usawa, hamoniki za juu zimefifia, na mwenye gitaa anaanza kuitafuta hitilafu kwenye pikapu, kwenye amplifaya, hata kwenye mbao. Nadai kwamba hitilafu haipo, na kwamba mapenzi yale yalielekezwa kwenye kitu ambacho si sauti ya besi hiyo. Ushahidi wangu mkuu ni rekodi za Detroit za miaka ya 1960, ambamo mtu mmoja alikiondoa kwenye gitaa lake karibu kila kinachoiuza besi dukani, na akapata sauti ambayo wapiga besi wanaifuata mpaka leo.

Mtu huyo ni James Jamerson, aliyezaliwa mwaka 1936 Edisto Island, South Carolina, akahamia Detroit mwaka 1954, na akajifunza kwanza besi kubwa ya mbao, ile ya kusimama, kwa mtindo wa jazi. Hakuja kwenye gitaa la umeme kama mtoto mbele ya chombo kipya cha kuchezea. Alikuja na mkono uliokwisha kufundwa na chombo kinachotoa noti nene, fupi, zenye pigo la kidole linalosikika. Chombo chake kinachojulikana zaidi ni Fender Precision ya mwaka 1962. Alikifunga nyuzi nene za La Bella zilizoviringishiwa utepe bapa badala ya waya wa mviringo, na hakuwa na desturi ya kuzibadilisha isipokuwa uzi ukikatika. Chini ya kifuniko cha chuma cha daraja palikuwa na sponji iliyokuwa ikigusa nyuzi zote. Nyuzi zenyewe zilisimama juu sana kutoka kwenye shingo, kiasi kwamba wengine walipata tabu kuzibana. Mkono wa kulia ulifanya kazi kwa kidole kimoja tu, kidole cha shahada, ambacho wenzake walikiita ndoano.

Kila moja ya hatua hizo inaondoa kitu, na inafaa kuona ni kitu gani hasa. Utepe bapa unaongeza msuguano wa ndani ya uzi, na mitikisiko midogo ya haraka, yaani hamoniki za juu, ndiyo inayozimwa mwanzo. Uchafu wa miaka unaendeleza kazi hiyohiyo. Sponji inagusa uzi karibu kabisa na daraja, mahali ambapo mtikisiko mkubwa wa uzi wote una mwendo mdogo lakini mitikisiko midogo ina mwendo mwingi kwa kulinganisha, kwa hiyo inainyonya midogo kwanza na kuuacha mkubwa uishi kidogo zaidi. Kumbuka kwamba sponji hiyo haikuwa ubunifu wa fundi wa mtaani: kiwanda cha Fender chenyewe kilikuwa kikiweka kizibo cha namna hiyo ndani ya kifuniko cha daraja, na wapigaji wengi walikitoa kifuniko na kizibo kikaenda nacho. Nyama pana ya kidole cha shahada, tofauti na ukucha au kipande cha plastiki, haiwezi kuamsha mawimbi mafupi kuliko upana wake. Na kwa kuwa kidole ni kilekile, kinachopiga karibu mahali palepale, kila noti inaanza kwa namna moja, bila ule upishano wa nguvu unaosikika vidole viwili vinapobadilishana. Kuinuka kwa nyuzi, nako, kulimruhusu apige kwa nguvu bila uzi kugonga freti na kutoa mkwaruzo. Kinachobaki baada ya kupunguza kote huko ni pigo, noti ya msingi, hamoniki mbili tatu za chini, kisha ukimya.

Ukimya huo ndio ninaotaka msomaji aupe uzito, kwa sababu bila huo mistari ya Jamerson isingewezekana. Studio A ya Motown, kampuni ya rekodi ya Detroit ambayo Jamerson aliipigia besi, kwenye nyumba ya West Grand Boulevard, ilikuwa chumba kidogo kilichojaa watu. Kulikuwa na wapiga gitaa watatu, Robert White, Eddie Willis na Joe Messina; piano na ogani; ngoma za Benny Benjamin; tari ya Jack Ashford inayokata hewa ya juu; na baadaye nyuzi za fidla na tarumbeta. Msikilizaji aliyelelewa na muziki wa dansi, wenye gitaa la solo, la ridhimu na la kati yao, anaifahamu hali hiyo: eneo lote la juu na la kati limeshapangishwa. Besi inayong'aa humo ndani inagombana na tari na kumfunika mwimbaji. Besi yenye noti ndefu inafanya jambo baya zaidi, kwani kila noti inaikanyaga inayofuata, na ukipiga nyingi unapata tope. Jamerson alipiga noti nyingi kuliko ilivyokuwa kawaida kwa wapiga besi wa nyimbo za redio wa wakati wake. Sikiliza Bernadette ya Four Tops au I Was Made to Love Her ya Stevie Wonder, zote za mwaka 1967: besi inapanda na kushuka kwa nusu-toni, inakwepa pigo la kwanza, inapita kwenye nyuzi wazi kama mtu wa jazi, na bado mwimbaji hajasukumwa hata kidogo. Inawezekana kwa sababu kila noti inaondoka kabla haijawa kero.

Kuna suala la kiufundi ambalo msikilizaji makini atalileta hapa. Uzi mnene wa besi ukipigwa wazi una masafa ya msingi ya takriban 41 Hz, na redio ndogo za transista au za magari za miaka hiyo hazikuweza kutoa kitu chochote karibu na hapo. Kama Jamerson alizima hamoniki na redio ikazima msingi, kijana ndani ya gari alisikia nini? Jibu liko katika kuzitofautisha hamoniki zenyewe. Sikio la binadamu likipewa 82, 124 na 165 Hz bila 41, linakamilisha lenyewe noti iliyokosekana. Ubongo unasikia kile ambacho spika haikutoa. Sponji na nyuzi bapa zinaua hamoniki za mbali na kuziacha hizi za karibu, ambazo ndizo zinazofanya kazi hiyo. Pamoja na hilo, Motown haikuweka maikrofoni mbele ya amplifaya ya besi. Gitaa liliunganishwa moja kwa moja na meza ya kurekodia, na pigo zito la ndoano lilipoingia kwenye saketi ya awali lilizidi kidogo uwezo wake, likazaa mkwaruzo. Katika nyimbo ambazo besi imetengwa ikasikika peke yake, mkwaruzo huo mdogo unasikika wazi, na mkwaruzo si kitu kingine ila hamoniki mpya zilizozaliwa katika eneo la chini na la kati. Kwa maneno mengine, kilichopunguzwa juu kilirudishwa chini, mahali redio ilipokihitaji.

Rekodi hizo zilizotengwa zinastahili neno zaidi, maana ndizo zinazoivunja imani ya dukani. Anayezisikia kwa mara ya kwanza huenda akasikitika. Sauti ni butu, kavu, inafanana na mtu anayegonga mlango mnene kwa ngumi. Mteja angelijaribu gitaa hilo dukani katika hali hiyo, sponji ndani, nyuzi kuukuu zilizoinuka, angelirudisha ukutani kabla ya kumaliza wimbo. Kisha rudisha ngoma, magitaa na sauti ya mwimbaji, bila kubadilisha chochote kwenye besi, na sauti ileile inakuwa nene, tamu, yenye uhai. Kwa hiyo toni ya besi haikamiliki ndani ya besi. Inakamilika katika nafasi iliyoachiwa na wengine, na hukumu inayotolewa bila wengine ni hukumu juu ya nusu ya kitu.

Pingamizi la kawaida kuliko yote ni kwamba toni imo vidoleni, na kwamba Jamerson angesikika kama Jamerson hata kwenye gitaa la bei ya chini. Kuna ukweli ndani yake, na mimi mwenyewe nimekihesabu kidole kama moja ya sababu. Lakini linapotumiwa kufuta sababu nyingine, linashindwa. Mchukue Carol Kaye, aliyerekodi mno Los Angeles miaka ileile. Naye alipiga Fender Precision, naye alitumia nyuzi bapa na kizibo cha kunyonya mlio, ila alipiga kwa kipande cha plastiki. Sauti yake ni ya chini na fupi kama ya Detroit, lakini mwanzo wa kila noti una ncha kali. Yaani kilichofanana kwenye vifaa kimetoa kinachofanana kwenye sauti, na kilichotofautiana mkononi kimetoa tofauti mahali hasa ambapo fizikia ingetabiri, kwenye mwanzo wa noti. Vidole na vifaa haviwezi kubadilishana kazi. Kila kimoja kinatawala sehemu yake ya noti.

Wengine watasema siri ni mbao za mwaka 1962. Hili nitalipita haraka. Pikapu ya Precision ni ya sumaku, na inachokisikia ni mwendo wa uzi wa chuma mbele yake. Mbao zinaweza kuathiri jinsi uzi unavyopoteza nguvu, na shingo ndiyo yenye athari kubwa. Ndiyo maana magitaa mengi ya aina hii yana sehemu hafifu kwenye uzi mwembamba, karibu na freti ya 5 hadi ya 7, ambapo noti inakufa mapema. Lakini athari hizo zinahusu zaidi udumu wa noti na mng'ao wake, vitu viwili ambavyo sponji na nyuzi kuukuu vimekwisha kuviondoa. Ni vigumu kuzipa mbao sifa ya mlio uliozimwa kabla haujasikika.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la tatu: kwamba mng'ao nao ni muziki. John Entwistle wa The Who alihitaji nyuzi za waya wa mviringo, na kazi aliyoifanya na kampuni ya Rotosound mwaka 1966 ilifungua njia kwa wapigaji wa roki. Jaco Pastorius alizing'oa freti za Fender Jazz yake ya 1962, akaupaka ubao wa shingo gundi ngumu ya maboti, akafunga nyuzi za waya, na akapiga karibu na daraja ili noti iimbe. Mtindo wa kugonga kwa kidole gumba alioueneza Larry Graham unaishi kwa hamoniki za juu. Hakuna kati yao aliyekosea. Lakini tazama nafasi zao. The Who walikuwa na gitaa moja tu, na besi ikapewa nusu ya wimbo. Pastorius mara nyingi ndiye aliyebeba melodia. Graham alianza kugonga nyuzi alipokuwa akipiga na mama yake bila mpiga ngoma, akilazimika kuzijaza nafasi za ngoma. Kila mng'ao ulikuwa na mwanya uliouita. Hoja yangu haisemi sauti butu ni bora. Inasema kwamba mng'ao wa dukani haukuitwa na mwanya wowote, kwa hiyo hautuambii kama besi hiyo itafaa.

Miaka ya baadaye ya Jamerson inaithibitisha hoja hii kwa upande wa uchungu. Motown ilipohamia Los Angeles mwaka 1972 naye alihamia huko, lakini studio za zama hizo zilikuwa zimebadilika: njia nyingi za kurekodia, spika bora majumbani, ngoma zilizofunikwa zikakauka, maprodyusa wakitaka besi inayong'aa na vionjo vipya. Yeye alishikilia nyuzi zake za zamani na namna yake, na kazi zikapungua. Gitaa lilikuwa lilelile, kidole kilekile. Mwanya ndio uliohama. Alifariki mwaka 1983, na Precision yake ilikuwa imeibiwa muda mfupi kabla.

Anayeketi dukani leo na besi mpya mapajani, moyo ukimwenda mbio, ana njia rahisi ya kujua anapenda nini. Akunje kitambaa kidogo au kipande cha sponji, akiingize chini ya nyuzi karibu na daraja, apunguze kitufe cha toni, na apige pamoja na wimbo wenye ngoma na magitaa kutoka kwenye simu yake, si peke yake. Asikilize kama noti za chini zina uzito unaolingana kutoka uzi mmoja hadi mwingine, kama freti ya 5 na ya 7 ya uzi mwembamba zinashika, kama shingo inamruhusu apige kwa nguvu bila mkwaruzo, na kama pikapu inatoa pigo safi hata mlio ukiwa umezimwa. Nyuzi mpya zitakapochoka, hayo manne ndiyo atakayobaki nayo.