Nyimbo Saba Kati ya 305

Mwaka 2013 wanamuziki wawili wa Marekani, Anaïs Mitchell na Jefferson Hamer, walitoa albamu ya nyimbo saba, Child Ballads. Jina hilo linatokana na Francis James Child, profesa wa Harvard, aliyekusanya nyimbo 305 za masimulizi za Uingereza na Uskoti na kuzichapisha kuanzia 1882 hadi 1898.

Kazi ngumu ya albamu hii ilianza kabla ya gitaa. Kwa nyimbo nyingi, Child aliweka matoleo kadhaa bega kwa bega, na hayapatani. Aliyewahi kusoma nakala za mkono za tenzi zetu anaijua hali hiyo: huku beti zimezidi, kule zimepungua, na majina yamebadilika. Anayetaka kuimba hana budi kuchagua ubeti wa kubaki na wa kuachwa, kisha aunge vipande hivyo bila kukata kisa wala kuharibu vina.

Chukua “Willie's Lady”. Mama yake Willie ni mchawi, naye amemfunga mkaza mwana wake asijifungue. Willie anampelekea mama yake zawadi moja baada ya nyingine, zote zinakataliwa. Mwishowe anamtengeneza mtoto wa nta na kumwalika mama kwenye ubatizo. Kwa mshangao, bibi huyo anaropoka mwenyewe: nani amefungua vile vifundo tisa nywelini mwa mke wako? Willie anakwenda kuvifungua, na mtoto anazaliwa. Kisa ni kirefu na kimejaa marudio, lakini wawili hawa hawakuyaogopa. Kila zawadi inayokataliwa inamzidishia msikilizaji hamu ya kujua mwisho. Wimbo huo ulipata tuzo ya BBC Radio 2 ya wimbo bora wa jadi mwaka 2014.

Katika kuimba, sauti ya kike na ya kiume zinakwenda sambamba, zikivuta pumzi mahali pamoja, na hakuna inayotaka kuifunika nyingine. Magitaa mawili ndiyo yanayobeba mwendo; ala nyingine zinaingia kwa adabu. Hakuna anayelialia pale kisa kinapohuzunisha, wala kupaza sauti pale kinapotisha. Neno linatamkwa wazi, basi.

Huo ndio ufundi ninaousifu: kumheshimu mtunzi asiyejulikana jina bila kumgeuza sanamu ya makumbusho. Isikilize albamu hii kwa mpangilio wake, na usiruke beti.