Chanzo au Mjuzi? Uhakiki wa Safari ya Kitaaluma ya Steven Feierman katika Historia ya Usambara

Mtu anayetaka kuandika kuhusu milima ya Usambara, awe mwanahistoria, mwanafasihi au mtaalamu wa misitu, atakutana mapema na jina la Steven Feierman. Ni Mmarekani aliyefika Usambara katika miaka ya 1960, akajifunza Kishambaa, akaketi na wazee, kisha akarudi kwao na kufundisha historia ya Afrika kwa miongo kadhaa katika vyuo vikuu vya Wisconsin, Florida na Pennsylvania. Uhakiki huu unavitazama vitabu vyake viwili kuhusu Washambaa, yaani The Shambaa Kingdom (1974) na Peasant Intellectuals (1990). Hoja yangu ni kwamba kitabu cha pili kinakisahihisha cha kwanza katika jambo moja kubwa, nalo ni nani ahesabiwe kuwa mwenye maarifa. Hata hivyo, usahihishaji huo unaishia njiani. Mwandishi mmoja wa Kiswahili, ambaye Feierman alimtegemea tangu mwanzo, anaachwa palepale alipowekwa mwaka 1974, katika orodha ya vyanzo.

Mwandishi huyo ni Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyemtumikia Semboja wa Mazinde na kuyaona kwa macho yake mengi aliyoyasimulia katika Habari za Wakilindi. Kazi hiyo ilichapwa kwanza na wamisionari wa UMCA, ikatolewa upya na J.W.T. Allen mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nitarejea kwake.

Feierman alipata shahada ya uzamivu katika historia Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1970, na nyingine katika anthropolojia Oxford mwaka 1972. Shahada hizi mbili si pambo la wasifu tu. Kitabu cha kwanza hakieleweki bila kuzikumbuka, kwa kuwa kinafungua kwa kisa ambacho kila mtoto wa Lushoto amewahi kukisikia, kisa cha Mbegha. Mwindaji kutoka Ngulu anaingia milimani na mbwa wake, anawaua nguruwe wanaoharibu mashamba, anawapa wenyeji nyama naye anapewa vyakula vya shambani, anamuua simba, na mwishowe anakuwa mfalme, Simba Mwene. Mwanahistoria wa kawaida angeuliza kama Mbegha aliishi kweli na katika mwaka gani. Feierman anaanza kwa kuuliza kisa kinafanya kazi gani. Anaonyesha jinsi pori na kijiji, nyama na wanga, mgeni na mwenyeji, vinavyopangwa kwa jozi hadi mtu wa porini anapogeuka kuwa mwenye nchi. Baada ya hapo ndipo anaporudi kwenye swali la kihistoria, la hali iliyokuwepo kabla ya Wakilindi na sababu za wenyeji kukubali mamlaka moja. Mpangilio huu bado ni somo zuri kwa wanafunzi wetu wa fasihi simulizi, ambao mara nyingi huchagua upande mmoja: ama ngano ni kumbukumbu ya tukio, ama ni ubunifu mtupu.

Sehemu yenye nguvu zaidi katika kitabu hicho, kwa maoni yangu, ni ile inayohusu kuvunjika kwa ufalme. Kimweri ye Nyumbai, ambaye Krapf alimtembelea Vugha mwaka 1848 na tena 1852, alifariki mwaka 1862. Mfalme huyu alitawala kutoka mlimani, na utajiri wake ulikuwa watu na kodi ya vyakula na mifugo iliyopanda hadi Vugha. Lakini biashara ya misafara, ya pembe na watumwa, haikupanda mlima. Ilipita chini, tambarare. Mazinde ya Semboja ilikuwa palepale njiani. Semboja akapata bunduki, akapata wafuasi, na Vugha ikabaki na heshima isiyo na baruti. Feierman hasemi kwamba Wakilindi waligombana kwa sababu ni watu wa ugomvi, jambo ambalo vitabu vya kikoloni vilipenda kulisema kuhusu kila ukoo wa kitawala. Anasema jiografia ya utajiri ilihama na mfumo wa siasa haukuweza kuhama nayo. Anayesafiri leo kwa basi kutoka Mombo kupanda hadi Soni, akitazama nyuma bonde linavyofunguka chini yake, anaweza kuisoma hoja hiyo dirishani.

Udhaifu wa kitabu ni kwamba kinawatazama watu kutoka ikulu. Mkulima yumo, lakini yumo kama mlipa kodi, mfuasi wa huyu au yule, au mtu aliyeuzwa. Maneno yake yapo kwa wingi, kwa kuwa mahojiano yalikuwa mengi, ila yanatumika kutuambia wafalme walifanya nini.

Ilipita miaka 16 kabla ya kitabu cha pili. Katika kipindi hicho Feierman alifundisha Madison, katika idara ambamo Philip Curtin na Jan Vansina walikuwa wamejenga mojawapo ya vituo vikubwa vya historia ya Afrika nchini Marekani, na utafiti wake ukaelekea kwenye historia ya uganga na tiba. Mwelekeo huo ndio uliobadilisha swali lake. Mtu anayesoma uganga hawezi kuendelea kudhani kwamba maarifa hukaa ikulu. Peasant Intellectuals inatoka kwa wafalme na kuingia kwa wakulima, makarani, waganga na wasemaji wa barazani, na inadai kwamba hawa ndio waliokuwa wakiifikiria siasa ya Usambara kwa zaidi ya karne moja.

Dhana inayobeba kitabu ni ya Kishambaa: kuzifya shi, na kinyume chake kubana shi. Feierman anaitafsiri ya kwanza kwa maana ya kuiponya nchi, na ya pili kuidhuru. Nchi huponywa pale mamlaka moja inapozifunika nyingine na mvua ikanyesha. Hudhurika pale nguvu inapokutana na nguvu, wenye uwezo wa mvua wakashindana, na njaa ikaingia. Mjuzi wa Kiswahili anaisikia dhana hii upesi, kwa kuwa neno nchi kwetu ni udongo na ni dola kwa wakati mmoja. Lakini anaweza pia kuteleza, maana kubana kwa Kiswahili ni kukaza na kubana kwa Kishambaa ni kuharibu. Neno linalofanana kwa sauti linamdanganya jirani kuliko linavyomdanganya mgeni. Hili ni onyo kwetu sisi tunaodhani kwamba kila lugha ya Kibantu ni Kiswahili kilichopinda kidogo.

Ubora wa dhana hii unaonekana anapofika kwenye matuta. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, ambao baadaye ulienezwa katika Usambara na kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta kwenye miteremko. Kufikia mwaka 1957 mpango ulikuwa umekufa. Maelezo ya kiofisi yalikuwa rahisi: wakulima ni wakaidi na wamechochewa na wanasiasa. Feierman anaonyesha mambo mawili chini ya ukaidi huo. La kwanza ni la ardhi na jasho. Kazi ilikuwa nzito mno, na watu waliolima kwa kuazima, wakiwemo wanawake wengi, walihofia kwamba shamba lililowekewa matuta lingekuwa la mtu mmoja moja kwa moja. La pili ni la maana. Machifu waliosimamia matuta walikuwa warithi wa wale waliotarajiwa kuiponya nchi, na sasa wakaonekana wanaidhuru kwa amri ya mtu mwingine. Waliowapinga hawakuhitaji kuazima lugha ya siasa kutoka mjini, ingawa TANU ilipofika iliipokea lugha hiyo na kuitumia. Kwangu mimi hizi ni miongoni mwa kurasa bora zilizowahi kuandikwa kuhusu asili ya siasa za uhuru nje ya Dar es Salaam.

Hapa ndipo malalamiko yangu yanapoanza. Ili kumwita mkulima mwenye fikra, Feierman anamwazima Antonio Gramsci, Mwitalia aliyeandika gerezani kwamba mwenye fikra hutambulika kwa kazi anayoifanya katika jamii, cheti si kipimo. Sina ugomvi na Gramsci. Ila jaribu kukitafsiri kichwa cha kitabu. Ukisema "wakulima wasomi", msomaji wa Tanzania ataona wahitimu waliorudi kulima, kwa kuwa msomi ni aliyesoma. Ukisema "wanazuoni", umekimbilia neno jingine lililozaliwa na chuo, na chuo ni kitabu. Maneno yetu yote mawili yenye heshima yanamfungia nje yule yule ambaye kitabu kinataka kumwingiza. Ndiyo maana katika kazi hii nimechagua "wajuzi", linalotokana na kujua tu, bila kuuliza ulijulia wapi.

Sasa tumrudie Abdallah bin Hemedi kwa kipimo hicho. Habari za Wakilindi si daftari la matukio. Ni kitabu cha mazungumzo. Watu wanashauriana, wanatishana, wanakumbushana ahadi, na hoja ya mamlaka halali inajengwa kwa midomo ya wahusika. Mwandishi aliyekaa upande wa Semboja anapochagua nani aseme vizuri na nani aseme vibaya barazani, anafanya kazi ileile ambayo Feierman aliitambua kwa wasemaji wa miaka ya 1950. Kwa usomaji wangu, hata hivyo, katika vitabu vyote viwili Abdallah anabaki zaidi shahidi wa kuchujwa: hapa anaaminika, pale ana upendeleo. Upendeleo anao, ndiyo. Lakini upendeleo wa mjuzi huitwa msimamo, na msimamo hujibiwa kwa hoja; hauishii kupunguzwa kama chumvi iliyozidi.

Swali la nani anajibiwa si la Usambara peke yake. Mwaka 1919 Arnold Toynbee alipewa kiti cha Koraes cha historia na lugha ya Ugiriki ya sasa katika King's College London, kiti kilichochangiwa fedha na Wagiriki wenyewe. Mwaka 1921 alikwenda kuitazama vita ya Wagiriki na Waturuki huko Anatolia, akaandika kuhusu ukatili wa jeshi la Ugiriki. Wafadhili wakakasirika, na mwaka 1924 akajiuzulu. Kisa hicho kinasimuliwa kama aibu ya taaluma kutekwa na fedha, na ni kweli. Mimi ninakiona pia kwa jicho la wivu kidogo: wale waliosimuliwa katika kitabu walikisoma, wakamjia mwandishi juu. Feierman hakuwahi kuwa na bahati mbaya ya namna hiyo. Washambaa hawakufadhili kiti Madison wala Philadelphia, na vitabu vimeandikwa kwa lugha ambayo mkulima wa Mlalo aliyehojiwa hakuitumia katika mahojiano. Historia isiyoweza kubishiwa na wenyewe inakuwa salama kupita kiasi.

Nilijaribu jambo dogo. Nikiwa Mlalo kwa ajili ya utafiti wangu, niliwatafsiria wazee watano kurasa kadhaa za sura ya matuta. Kwenye jasho na ardhi walitikisa vichwa kukubali. Nilipofika kwenye kuiponya nchi, bibi mmoja, aliyekuwa msichana wakati wa matuta, alinikatiza: "Mjukuu wangu, kuponya ni kwa mgonjwa. Nchi haiumwi, nchi inaharibiwa na watu. Sema kuitengeneza." Mzee aliyekaa karibu naye akapinga, kwake nchi inaumwa kabisa, na mganga wake anajulikana. Walibishana karibu saa nzima, mara kwa Kishambaa, mara kwa Kiswahili kwa ajili yangu, na kitabu nilikuwa nimeshakifunga.

Hawakuafikiana, nami sikuwaamulia. Katika sura zinazofuata nimetumia "kuitengeneza nchi" pale wanaosema ni wakulima wanaozungumzia udongo na mashamba, na "kuiponya nchi" pale habari inapohusu mvua na waganga. Mahali ambapo Abdallah bin Hemedi ndiye anayesema, nimemwacha na maneno yake mwenyewe.