Maadili ya Shujaa: Bushido na Kivugo

Katika insha za ulinganishi tunazosahihisha hapa Rusizi, umezuka mtindo wa kukieleza kivugo cha Kinyarwanda kwa orodha ya maadili ya bushido, yaani mwenendo wa samurai wa Ujapani: haki, ushujaa, huruma, adabu, ukweli, heshima na utiifu. Mwanafunzi huitafuta kila sifa ndani ya kivugo, na akiikosa huitia mwenyewe. Mtindo huo hatuukubali.

Orodha hiyo imeenezwa zaidi na kitabu cha Inazo Nitobe cha mwaka 1900. Nitobe alikiandika kwa Kiingereza akiwa Marekani, ili kuwaeleza wageni maadili ya watu wake. Samurai walikuwa wamekwisha kukatazwa kubeba panga hadharani tangu 1876. Ni maelezo ya mtetezi, tena mtetezi Mkristo. Humo samurai hajisemei; husemewa.

Kivugo ni "mimi" tupu. Mpiganaji hujipa majina ya sifa, hutaja silaha yake, mahali alipopigana na adui aliyemwangusha. Kiwe kifupi cha iningwa au kirefu cha imyato, hicho ndicho kiini chake, na ndiyo sababu katika fasihi simulizi ya Kiswahili tunakiweka pamoja na majigambo. Kumhurumia adui hakuna nafasi humo, wala unyenyekevu. Adabu ilifundishwa, naam, lakini katika itorero, pamoja na ngoma, ushairi na matumizi ya silaha.

Ugumu halisi unakuja tunapotafsiri "ubutwari" kuwa "ushujaa" na kuendelea na somo kana kwamba neno halijasogea. Wanafunzi wa Nyange, waliokataa kujitenga Wahutu na Watutsi waliposhambuliwa shuleni usiku wa 18 Machi 1997, wamo katika kundi la Imena la mashujaa wa taifa. Yumo pia Félicité Niyitegeka, aliyekataa kuwaacha watu aliowaficha Gisenyi mwaka 1994. Hawakumwangusha mtu. Kwa kipimo cha kivugo cha kale hawana la kujisifia. Kwa ubutwari wa leo huadhimishwa kila tarehe 1 Februari.

Tofauti hiyo ndiyo tungependa kuisoma katika insha. Na mwanafunzi atakayetunga kivugo cha Nyange kwa Kiswahili atalazimika kuamua ni kitenzi gani kikae mahali pa "nilimwangusha". Akikipata, atuletee, tutamtengea nafasi katika toleo lijalo.