Steki Hujaa Mbali na Kosa Lilipo

Programu ya Haskell inayojumlisha mamilioni ya namba kwa foldl ikianguka kwa kujaza steki, wengi huilaumu funksheni hiyo kwa kujiita tena na tena. Wanaionea. Wito huo ndio tendo lake la mwisho, hivyo mizunguko yenyewe haikuzi steki. Chanzo ni kwamba Haskell haikokotoi kitu mpaka jibu lake litakiwe: badala ya kushika 1, kisha 3, kisha 6, hushika ahadi ya hesabu, ((0 + 1) + 2) + 3, na kila namba mpya huongeza tabaka. Ahadi hizo hurundikana kimya kwenye kumbukumbu ya kawaida. Jibu linapotakiwa, jumlisho la nje kabisa hulisubiri la ndani yake, nalo hulisubiri jingine, hadi kwenye sifuri, na kila linalosubiri hushika nafasi kwenye steki. Ndiyo maana kosa huonekana kwenye mstari wa kuchapisha jibu, ambao hauna hatia.

Dawa ni foldl', inayolazimisha jumla ikokotolewe kila hatua. Tangu toleo la 9.10 la GHC, kompaila ya Haskell, la 2024, hupatikana bila kuagiza Data.List. Lakini nayo hukokotoa umbo la nje tu. Anayetafuta wastani hubeba jozi ya jumla na idadi: foldl' huhakikisha jozi ipo, haigusi vilivyomo, na ahadi hurundikana upya humo ndani. Hapo sharti uweke alama ya ! kwenye vijenzi vyote viwili.

Yupo atakayesema kompaila ikipewa swichi ya -O huligundua hili yenyewe. Kwa jumla nyepesi ya namba, ni kweli. Ila programu inayosimama au kuanguka kwa swichi moja haijatengenezwa bado. Wengine watakumbusha kuwa ukomo wa steki katika GHC, uliokuwa MB 8, sasa ni asilimia 80 ya kumbukumbu ya mashine. Hilo huficha ugonjwa tu: programu haianguki mapema, inaimeza mashine kwanza. Wala haifai kufuta uahirishaji wote, kwa sababu ndio unaoiwezesha foldr yenye && kusimama kwenye False ya kwanza hata orodha ikiwa haina mwisho. Kinachopaswa kukokotolewa papo hapo ni kile kinacholimbikizwa. Anayehesabu maneno ya kitabu kwa insertWith, basi, atumie ile ya Data.Map.Strict, kwani ya Data.Map.Lazy itamwekea ahadi ndefu chini ya kila neno linalojirudia.