Siri Iliyojificha Ndani ya Ekzosi

Kwenye barabara inayotoka Kasese, ikapita Kikorongo, hadi Bwera na mpaka wa Mpondwe, bodaboda nyingi za leo ni Bajaj na TVS zenye injini za mipigo minne. Mara mojamoja hupita Yamaha kuukuu, AG100 au DT, yenye mlio mwembamba kama wa nyigu na moshi wa buluu ukiifuata nyuma. Hiyo ni injini ya mipigo miwili. Ndugu zake walitwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki za cc 500 misimu 27 mfululizo, tangu Giacomo Agostini aliposhinda na Yamaha mwaka 1975 hadi Valentino Rossi alipofunga zama hizo akiwa na Honda NSR500 mwaka 2001.

Ziliwezaje?

Wengi hujibu kwamba injini hii huwaka kila pistoni inapofika juu, ilhali ya mipigo minne huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili. Ni kweli, lakini hilo peke yake halitoshi. Injini ya mipigo miwili ya kawaida haina vali kichwani. Ina matundu kwenye ukuta wa silinda. Hewa mpya yenye petroli huingia wakati moshi bado unatoka, na sehemu ya petroli hiyo hupotelea nje kabla haijaungua. Kwa miaka mingi ilionekana injini ya pikipiki za bei rahisi tu.

Aliyeitoa huko ni mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ mjini Zschopau, Ujerumani Mashariki. Kaaden aliutazama moshi kama sauti inayosafiri. Ekzosi yake ilianza nyembamba, ikapanuka kama tarumbeta, ikawa na tumbo, kisha ikabanwa tena mwishoni. Tundu la moshi likifunguka, wimbi la mgandamizo hukimbia ndani ya bomba. Likifika panapopanuka, hurudisha mvuto unaofyonza silinda hadi petroli mpya inachungulia nje. Likifika panapobanwa, hurudi kama msukumo na kuirudisha ndani petroli iliyotoroka, sekunde chache mno kabla tundu halijafungwa. Tena kusema sekunde ni kuzidisha: kwa mizunguko 12,000 kwa dakika, mzunguko mzima huchukua sehemu 5 kati ya 1,000 za sekunde. Bati lililokunjwa na kuchomelewa, lisilo na hata kipande kimoja kinachosogea, linafanya kazi ya pampu. Ni moja ya fikra nzuri kuliko zote zilizowahi kupita kwenye karakana ya pikipiki.

Mwaka 1961 injini yake ya cc 125 ilifikia nguvu za farasi 25, yaani farasi 200 kwa kila lita, kiwango ambacho hakuna injini isiyoshindiliwa hewa kwa mashine iliyokuwa imekifikia. Septemba mwaka huohuo mpanda pikipiki wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden na kwenda Suzuki akiwa na ujuzi huo kichwani. Mwaka 1962 Suzuki na Degner wakawa mabingwa wa cc 50.

Lakini wimbi lina saa yake. Mizunguko ikipungua, msukumo hurudi mapema mno, na petroli hupata nafasi ya kutoroka tena. Ndiyo maana pikipiki hizi zilikuwa goigoi chini, kisha zikalipuka ghafla juu na kumrusha mtu hewani akitoka kwenye kona. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Yamaha ilipunguza ukali huo kwa vali inayobadilisha kimo cha tundu la moshi kadiri ya mizunguko ya injini. Mwaka 1992 Honda ikapanga silinda nne za NSR500 ziwake karibu kwa pamoja, ili tairi la nyuma lipate pumziko la kushika lami kati ya kishindo na kishindo. Mick Doohan akashinda mataji matano, 1994 hadi 1998, na mwaka 1997 alikuwa amerudia mpangilio wa zamani ulio mkali zaidi. Mwaka 2002 kanuni zikaruhusu mipigo minne ya cc 990, na uwanja ukabadilika.

Sheria ya Kaaden haikustaafu. Kijana anayetoboa ekzosi ya DT ili ilie zaidi anaua wimbi, na kilima kitamwambia. Masizi ya oili yakiziba bomba, matokeo ni yaleyale, ndiyo maana fundi hulichoma na kuligonga hadi lidondoshe weusi wake. Mwinuko nao una neno lake: Kasese iko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 10. Ukipanda kuelekea Rwenzori inapungua zaidi. Kabureta iliyopangwa pwani itamwaga petroli kupita kiasi huku juu. Fundi hahitaji kompyuta kulijua hilo. Anafungua plagi ingali moto, anaishika kwa kitambaa na kuigeuza kwenye mwanga: nyeusi na mbichi, petroli imezidi; nyeupe, pistoni iko hatarini; rangi ya chai ya maziwa, anairudisha, anakaza, na kupiga kiki.