Hadithi za Ajabu na Wasomaji Wake

Aghalabu hadithi ya ajabu hupewa msomaji kwa udhuru. Mtoto huambiwa kuwa ina mafundisho. Mwanachuo huambiwa kuwa ina siasa iliyofichwa. Kila udhuru una ukweli wake, walakini hakuna hata mmoja uelezao kwa nini kitabu kimoja hukumbukwa na kingine husahauliwa. Kipimo kilicho bora ni hiki: mwandishi akiisha kuvunja kanuni moja ya maumbile, je, huitii ile aliyoiweka mahali pake? Vitabu vitatu vya Kiswahili vyafaa kupimwa hivyo, ili ijulikane kipi apewe nani.

Cha kwanza ni Adili na Nduguze, kilichotolewa mwaka 1952. Kiini chake kimetoka katika Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu wawili wenye husuda hugeuzwa mbwa. Shaaban Robert amewageuza manyani. Badiliko hili ni dogo kwa maneno, lakini ni kubwa kwa maana, kwa sababu nyani ana uso na mikono, na kumpiga ni karibu sana na kumpiga mtu. Adili, mtawala wa Janibu, ameamriwa na jini Huria awapige kila usiku. Naye hutii huku moyo wake ukiwahurumia. Mtoto husoma ili ajue kama manyani watarudi kuwa watu. Mtu mzima huona zaidi: adhabu ya haki humwumiza hata yule anayeitekeleza. Ila yake ni majina. Hasidi na Mwivu wamekwisha kuhukumiwa kabla hawajatenda neno. Kwa mtoto jina la namna hiyo ni taa. Kwa mtu mzima ni siri iliyotolewa mapema mno.

Kusadikika, cha mwandishi yuyo huyo, kilitangulia kutolewa mwaka 1951, lakini chafaa kisomwe baadaye, na vijana wa sekondari na watu wazima. Wahakiki wengi wamekisoma kama lawama juu ya utawala wa kikoloni, maana kiliandikwa Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza. Usomaji huo ni wa haki, lakini una haraka. Nchi yenyewe yaelea angani. Karama, aliyeshtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, ajitetea kwa visa vya wajumbe sita: wanne walitumwa pande nne za dunia, mmoja mbinguni, na mmoja ardhini. Hapa ndipo ulipo ustadi. Nchi iliyokaa juu ya ardhi huhesabu majirani wa pande nne. Nchi inayoning'inia hewani ina majirani wa pande sita. Ajabu imetiiwa, na mashtaka juu ya watawala yamepata nguvu kwayo: wamezungukwa na maarifa juu, chini na kandokando, na kila mjumbe aliyerejea na heri wamemtia kifungoni. Mhakiki airukaye ajabu ili aifikie siasa upesi huipoteza siasa yenyewe. Hata hivyo, visa vile vyafanana mno kwa umbo, na kijana aweza kuchoka kabla ya kufika mwisho; afadhali asome viwili kwa siku kuliko vyote kwa mkupuo.

Walenisi cha Katama Mkangi, cha mwaka 1995, ni cha watu wazima. Dzombo, aliyehukumiwa afe, atiwa katika chombo cha kurushwa angani, naye afika katika nchi ambayo jina lake, likikatwa vipande, lasema kuwa wale ni sisi. Katika vitatu hivi, hiki ndicho kilicho karibu zaidi na hadithi za kisayansi. Walakini chombo chapewa nafasi ndogo, na mijadala juu ya namna ya kuishi yapewa nafasi kubwa. Aliyekwisha kujiuliza kwa nini maskini huzaliwa katikati ya utajiri atashiba humo; mtoto atatafuta safari, asiipate ya kumtosha.

Tofauti ya vitabu hivi, basi, haimo katika uzito wa mafundisho yao, bali katika muda ambao kila kimoja humwacha msomaji akae ndani ya ajabu. Mwalimu aulizaye maana ya Kusadikika kabla mwanafunzi hajaiona ikielea amempa jibu la mtihani, akamnyima kitabu.