Herufi na Ngeli katika Hesabu za Mafumbo

Mwalimu wa hisabati aliyefunzwa kwa vitabu vya Kiingereza huzoea kuteua herufi ya kwanza ya jina isimame badala ya kiasi kisichojulikana. Mazoea hayo yamepokelewa bila ya kuhojiwa, ilhali Kiswahili kinayakataa mara moja.

Lichukuliwe fumbo linaloweza kutungwa katika soko la Voi. Mteja ananunua maembe 3 na machungwa 2 kwa shilingi 70. Mwingine, kwa bei zile zile, ananunua maembe 2 na machungwa 4 kwa shilingi 60. Katika Kiingereza majina ya matunda hayo huanza kwa herufi mbalimbali, na kazi hupita salama. Katika Kiswahili yote mawili huanza kwa m, kwa kuwa m hiyo si ya tunda bali ni ya kiambishi cha ngeli. Aandikaye 3m + 2m = 70 hupata 14; mteja wa pili humpa 10. Milinganyo yenyewe yamshitaki.

Yawezekana mtu akaona hapa upungufu wa lugha. La hasha. Mwaka 1981 Clement, Lochhead na Monk walichapisha matokeo ya jaribio walilowapa wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza nchini Marekani: iandikwe kwa S na P kwamba wanafunzi ni mara sita ya maprofesa. Asilimia 37 walikosea, na wengi wao waliandika 6S = P. Huenda baadhi yao waliisoma S kama jina la mwanafunzi, wala si idadi ya wanafunzi. Herufi ya kwanza yaweza kupoteza hivyo, kwani hufanana mno na neno. Katika Kiswahili wanafunzi na walimu wote ni w. Mtego huo hautegeki, na mwanafunzi hana budi kuuliza: herufi hii ni ya nini hasa?

Umoja hufaa zaidi: bei ya embe moja iwe e. (Chungwa lina taabu yake, maana ch katika aljebra husomeka c mara h, basi c yatosha.) Mlinganyo wa kwanza ukizidishwa mara mbili huwa 6e + 4c = 140; ukiondolewa wa pili, 4e = 80. Embe ni shilingi 20, chungwa 5. Hata hivyo umoja peke yake haumalizi tatizo, kwani 3e bado yaweza kusomwa “embe tatu”. Neno “bei” sharti litamkwe.

Jambo hili lina uzito Taita Taveta, ambako mtoto huweza kusema Kidawida au Kitaveta nyumbani, Kiswahili sokoni, kisha akafanyiwa mtihani wa hisabati kwa Kiingereza. Ng'ambo ya mpaka, Holili, shule za msingi za serikali zimefundisha hesabu kwa Kiswahili tangu sera ya 1967. Lakini sekondari huko nako, kwa kawaida, hurudi kwenye Kiingereza, na papo hapo mlinganyo wa herufi mbili huanza kufundishwa kwa a ya tofaa.